Dede, Tata na Mizani: Mchezo wa Mtoto Mdogo Nyumbani katika Historia ya Kisangani

Historia ya mtoto mdogo wa mji wetu imeandikwa kwa mizani kuliko kwa mchezo. Tangu lilipoundwa shirika la kuwahifadhi watoto weusi wa Kongo ya Kibelgiji, mwaka 1912, nyaraka za kikoloni zinahesabu maziwa, uzito na vifo. Nancy Rose Hunt, katika kitabu chake cha mwaka 1999 kuhusu uzazi huko Yakusu, jirani yetu kwenye mto, ameeleza jinsi mambo ya uzazi yalivyovutwa kuingia hospitalini. Nayo mizani humtaka mtoto atulie.

Lugha imemwona mtoto huyo akienda. Kiswahili, kilichofika kwenye maporomoko haya kabla ya Tippu Tip kufanywa gavana mwaka 1887, kina maneno ya kila hatua: mtoto husota, hutambaa, husimama dede, kisha huenda tata. Tulitazame dede. Ili mtoto asimame dede sharti mtu mzima amwachie mkono, akae karibu na kumwita. Ndani ya neno hilo moja mna mchezo wa nyumbani, mlezi wake na uwanja wake. Sidai kwamba maneno haya yote yanasikika leo Makiso au Kabondo. Kiswahili chetu kimeshika njia yake, na Lingala imeingia nyumba nyingi.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba mtoto wa mwaka mmoja hadi minne apate walau dakika 180 za kujongea kila siku, na asifungwe mahali pamoja, hata mgongoni mwa mlezi, kwa zaidi ya saa moja mfululizo. Wasomi wenzangu wanaomtuliza mtoto kwa simu wangefaa kuisoma hati hiyo.

Hata hivyo, mchezo huo wahitaji ua salama. Tarehe 5 hadi 10 Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana humu mjini, makombora yaliangukia makazi ya watu, na mengine yakabaki ardhini bila kulipuka. Ua uliokuwa shule ya kwanza ya miguu ukawa mahali pa kumkataza mtoto. Baadhi ya waliokuwa wakienda tata mwezi ule huenda wamepita madarasani mwetu. Mwanafunzi atafutaye mada ya tasnifu na awaendee mama zao, awaulize: ni lini mlithubutu tena kumshusha mtoto chini, na ni kwa neno gani mlimwita aje?