Mchuzi mzito wa nyama kwa mtindo wa Kisumu: aliya, samli na viungo vya kwetu Pwani

Mtu wa Pwani akihamia Kisumu hushangazwa kwanza na jikoni. Nazi zipo, utazipata sokoni Kibuye, lakini zimesafiri kutoka kwetu na bei yake imesafiri nazo. Nyama nayo, ambayo Mombasa ulizoea kuibandika saa nne asubuhi ikawa tayari kwa chakula cha mchana, hapa inakataa kulainika. Utadhani umeuziwa ng'ombe mzee, na mara nyingine ni kweli. Lakini iko sababu nyingine. Kisumu uko zaidi ya mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, na kwa mwinuko huo maji huchemka yakifika nyuzi kama 96, si 100. Sufuria ikitokota Kisumu haina moto sawa na ile inayotokota Likoni. Ongeza nusu saa kwenye hesabu yako ya zamani, wala usimlaumu muuza nyama kabla ya wakati.

Naandika haya kwa sababu kila mwaka vijana wetu huenda huko kusoma na kufanya kazi, na nimewasikia wengi wakisema kwamba watu wa ziwani hawajui mchuzi, wanachemsha tu. Si kweli, na anayesema hivyo hajakaribishwa nyumbani kwa mtu. Upande wa ziwa una michuzi yake mizito, ila uzito wake hautoki kwenye tui. Unatoka kwenye samli, malai, karanga na muda.

Tuanze na aliya, maana ndiyo isiyojulikana kwetu. Ni nyama iliyokaushwa juani, ya ng'ombe au ya mbuzi, na Wajaluo wamekuwa wakiitengeneza tangu enzi ambazo hakukuwa na friji wala umeme wa kukatika. Kusudi lake lilikuwa mgeni. Mtu wa ukweni akitokea bila taarifa, mama wa nyumba hakuhitaji kumtuma mtoto sokoni. Alinyoosha mkono juu ya meko. Mpaka leo, ukiwekewa aliya mezani ujue umeheshimiwa.

Huchukuliwa nyama ya mnofu, ya paja kwa mfano, ikakatwa vipande virefu kufuata nyuzi zake, unene wake usizidi kidole kidogo cha mkono. Mafuta huondolewa kwa sababu huchacha. Kilo moja huingia chumvi vijiko viwili vya chakula, ikapakwa kila pembe, ikaachwa masaa machache itoe maji, kisha ikaning'inizwa kwenye kamba mahali penye jua na upepo. Usiku huhamishiwa ndani juu ya moshi wa meko. Baada ya siku tatu au nne za jua kali huwa imepoteza zaidi ya nusu ya uzito wake, na ukiikunja haikunjiki vizuri, inataka kuvunjika. Chandarua cha neti juu yake huzuia nzi.

Mara yangu ya kwanza kuanika nilichagua mwezi wa Aprili. Kisumu wakati wa masika hukupa jua zuri la asubuhi, ukafurahi, halafu alasiri upepo wa ziwani unaleta mawingu na mvua inashuka kwa fujo. Siku ya pili nyama yangu ilikuwa na utelezi, ya tatu ikanuka. Jirani, mama mtu mzima, aliitazama kwenye kamba akacheka mpaka akakaa chini, kisha akaniambia nisubiri Januari. Kama huna subira ya Januari, aliya huuzwa masokoni. Nusa kabla ya kununua. Harufu iwe ya moshi na chumvi, isiwe ya uchungu.

Kuipika hakuna haraka. Ioshe kwa maji ya moto, iloweke saa moja, kisha ichemshe mpaka kucha iweze kupenya, kwa kawaida saa moja na nusu. Onja maji ya kwanza: yakiwa chumvi tupu yamwage, yakiwa mazuri yahifadhi, ndiyo supu yako. Katakata nyama vipande vya kutosha kinywani. Kaanga kitunguu kwenye samli, tia nyanya mbili, zikisagika tia nyama na kikombe cha ile supu. Mwisho kabisa, moto ukiwa mdogo, tia malai ya maziwa vijiko vitatu au vinne na uache ifuke bila kutokota, maana malai ikichemka kwa nguvu hukatika. Chumvi usiongeze. Mtu wa Pwani atatamani kutia hiliki hapa. Mimi nilijaribu, nikaona inagombana na moshi. Pilipili manga kidogo inatosha.

Ndugu yake aliya ni athola. Hii haikaushwi kwa siku nyingi: nyama huchomwa kwanza juu ya makaa mpaka nje iwe ya kahawia na mafuta yadondoke, kisha hukatwa na kuingizwa kwenye mchuzi wa kitunguu na nyanya, imalizikie humo. Harufu ya makaa huhamia kwenye mchuzi wote. Kwa anayeanza, anzia hapa, maana athola haiharibiki kirahisi.

Sasa mchuzi wenye viungo, ule tunaouita wetu. Kusema kweli viungo vilifika Kisumu kwa njia ileile tuliyotoka sisi. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 iligusa ziwa Desemba 1901, wakati mji ukiitwa Port Florence, na nyuma ya reli yakaja maduka ya Wahindi. Allidina Visram, ambaye shule ya Mombasa ina jina lake, alieneza maduka yake kando ya njia hiyo hadi Uganda. Waislamu wa Kendu Bay nao wana pilau lao la miaka mingi. Na tusijidai sana: nyanya na pilipili zenyewe asili yake ni Amerika, zikavuka bahari baada ya safari za Wazungu, kwa hiyo hakuna pwani wala ziwa linaloweza kudai mchuzi mwekundu tangu Adamu.

Kwa kilo moja ya kula watu sita, usinunue stiki. Chukua shingo, kifua au muundi, yenye mishipa na mfupa. Ile mishipa migumu inayowakera watu ndiyo, ikipikwa polepole, huyeyuka na kuufanya mchuzi unate midomoni. Stiki haina kitu hicho. Baada ya saa mbili inakuwa kama uzi. Kausha vipande kwa kitambaa, vikaange kwa mafuta ya moto vichache vichache mpaka vishike rangi. Ukivirundika vyote kwa pamoja vinatoa maji na unakuwa unachemsha, na hapo ndipo michuzi mingi hufia.

Toa nyama. Katika mafuta yaleyale tia vitunguu maji vitatu vikubwa vilivyokatwa vyembamba, moto wa wastani, dakika 15 au zaidi. Watu hukata tamaa hapa vitunguu vikiwa bado vyeupe. Vikiwa rangi ya asali iliyoiva, tia thomu punje sita na tangawizi ya ukubwa wa kidole gumba, vyote vimepondwa. Halafu bizari nyembamba kijiko cha chai, giligilani viwili, pilipili manga nusu, kijiti cha mdalasini, hiliki tatu, karafuu mbili. Dakika moja tu, visije vikaungua. Kisha nyanya nne zilizoparuzwa, na usifanye lolote mpaka mafuta yajitenge pembeni. Rudisha nyama, tia maji ya moto yaifikie tu bila kuizamisha, chumvi nusu ya unayokusudia, funika, punguza moto. Saa mbili na nusu kwa Kisumu. Anayeogopa gharama ya gesi aanzie kwenye gesi akamalizie kwenye jiko la makaa.

Pilipili mbuzi iingie nzima, haijakatwa, itolewe kabla haijapasuka. Unapata harufu yake yote na ukali wa kiasi, na anayetaka moto atajikamulia kwenye sahani yake.

Wa karanga ni huohuo, ila dakika 25 za mwisho unatia nusu kikombe cha karanga zilizokaangwa na kupondwa laini, zikiwa zimelegezwa kwanza kwa mchuzi wa moto. Koroga mara kwa mara, inashika chini. Karanga za Homa Bay zinafaa sana. Waganda hupika binyebwa yao kwa namna ya karibu, na kule Senegali na Mali wana mafe. Mara nyingi vitabu vya Ulaya vikiandika "mchuzi wa Kiafrika", ndio huo. Karanga zilizosinyaa, zenye rangi ya ajabu au ladha chungu zitupe. Sumu ya ukungu wake, aflatoksini, haiondoki kwa kukaanga wala kwa kuchemsha.

Kuhusu pakiti za unga wa mchuzi: si dhambi, hata mimi ninayo kabatini. Lakini sehemu kubwa ndani yake ni chumvi na wanga wa mahindi. Ukiitumia, chumvi yako iache kando, hasa nyumba yenye mgonjwa wa presha.

Nimeacha mwisho jambo zito kuliko yote. Nyama inunuliwe yenye muhuri wa mkaguzi. Mwaka 2019 runinga moja nchini ilipofichua kuwa baadhi ya maduka yanatia nyama sodiamu metabisalfaiti ili ibaki nyekundu, wengi walirudi kwenye bucha za mitaani, na baadhi wakaenda mbali zaidi wakanunua nyama isiyojulikana ilikochinjwa kwa kuwa ni "ya asili". Hilo ni hatari kubwa zaidi. Ng'ombe akifa mwenyewe malishoni anaweza kuwa na kimeta, na mbegu za kimeta zinahimili jua, chumvi na moshi. Ukianika nyama ya kibudu unapata aliya yenye kimeta. Hata anayeichuna na kuikata tu anaweza kuupata ugonjwa kupitia ngozi. Kwetu Waislamu kibudu ni haramu na mjadala umefungwa, lakini nimeona mahali ambapo umaskini unafungua mjadala huo tena, na mtu anaambiwa ikichemka vya kutosha haina neno. Ina neno. Mnyama aliyekufa ghafla, hasa akitoka damu puani, haguswi. Huitwa daktari wa mifugo.

Ziwani mchuzi huu huliwa na kuon, yaani ugali, na ule wa mtama uliochanganywa na mhogo unaupokea vizuri kuliko wa mahindi meupe. Pembeni huwekwa mboga chungu kama osuga au dek, ambayo hukata mafuta ya samli. Wali unafaa kwa ule wa viungo. Kwa aliya sikushauri. Ukibaki, upoze haraka kwenye chombo kipana na uuweke kwenye friji. Kama huna friji, uchemshe kabla ya kulala na tena asubuhi kabla ya yeyote kuonja, ukiacha ule wenye malai, ambao afadhali uishe usiku uleule.