Amana au Dhamana: Neno "Trust" na Ardhi ya Wameru

Maneno ya Kiingereza yamtesayo mfasiri aghalabu ni yale mafupi yaliyo vinywani mwa kila mtu. Marefu yenye asili ya Kilatini yana dawa yake: hutafutwa kamusini, na likikosekana neno huundwa. Lakini "trust"! Mcha Mungu hulitumia anapomtegemea Mola wake, mwenye duka anapomkopesha jirani, wakili anapoandika hati ya mali ya mayatima. Huko Marekani, kampuni za mafuta za Rockefeller zilipowekwa chini ya wadhamini wachache mwaka 1882, muungano wao uliitwa kwa neno lilo hilo, na mwaka 1890 ikabidi itungwe sheria ya kuupinga mtindo huo. Neno la uaminifu likawa jina la ukiritimba.

Kiswahili hakikubali mzigo wote huo ubebwe na mtu mmoja. Sisi tuna imani na amana, ndugu wawili wa mzizi mmoja wa Kiarabu. Tuna tumaini, tuna dhamana na udhamini, tuna wakfu. Na hata serikali hazikuafikiana. Huku Unguja ofisi ya mambo haya huitwa Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Ng'ambo ya pili, Dar es Salaam, kuna Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini. Kwa Kiingereza ofisi zote mbili zina neno lile lile katika kazi yake. Kwa Kiswahili bahari imelikata vipande viwili.

Vipande hivyo havilingani. Amana ni kitu cha mwenyewe kilichoko mkononi mwako. Hukitumii, hukibadilishi, na siku akija kukidai humrudishia kile kile alichokuacha nacho. Dhamana humfunga mtu zaidi kuliko kitu: mshitakiwa akitoroka, aliyemdhamini ndiye atakayeulizwa na ndiye atakayelipa. Katika sheria ya Kiingereza kuna jambo la tatu, ambalo sisi hatuna neno lake la asili. Yule aliyeaminiwa mali huandikwa yeye katika hati kuwa ndiye mwenyewe; aweza, hati ikimruhusu, kuuza shamba na kununua jingine kwa kadiri ya busara yake, maadamu faida imwendee yule aliyekusudiwa. Mwenye faida huenda hata asiulizwe.

Tofauti hii ingebakia mezani mwa wanalugha lau isingepanda Mlima Meru.

Tanganyika ilipotoka mikononi mwa Wajerumani, Waingereza walipewa kuitawala na Shirikisho la Mataifa mwaka 1922, na mkataba wa shirikisho hilo ulikwisha kutamka kwamba hali njema ya watu wa nchi za namna hiyo ni "trust" takatifu ya ustaarabu. Baada ya vita vya pili neno likapandishwa cheo na kuwa jina la mfumo mzima. Tarehe 13 Desemba 1946 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliidhinisha makubaliano ya udhamini wa Tanganyika. Ibara ya 8 ilimtaka mtawala aziheshimu mila za wenyeji katika ardhi na kulinda maslahi yao ya sasa na ya baadaye, kisha ikakataza ardhi yao isihamishwe kwa mtu asiyekuwa mwenyeji, ila kwa idhini ya mamlaka inayohusika. Msomaji autazame mlango huo mdogo mwishoni. Mamlaka inayohusika ilikuwa ni serikali ile ile ya Waingereza.

Haukupita muda mlango ukafunguliwa. Tume ya Jaji Mark Wilson, iliyotoa ripoti yake mwaka 1947, ilipendekeza ardhi za Arusha na Moshi zipangwe upya, na baina ya Meru na Kilimanjaro pawe na eneo moja la walowezi wa Kizungu lisilokatizwa na wenyeji. Kwenye njia ya mpango huo palikuwa na mashamba namba 31 na 328 ya Engare Nanyuki, upande wa kaskazini wa mlima, wanakoishi Wameru na ng'ombe wao. Kuanzia tarehe 17 Novemba 1951 watu wapatao 3,000 walitolewa kwa nguvu, na nyumba zao zikachomwa moto. Serikali iliwatengea Kingori, bondeni kwenye joto, pamoja na fidia. Wengi walikataa vyote viwili.

Katika kukataa huko ndimo iliyomo tafsiri yao. Anayedai amana hapokei badala. Ukimwekea mtu mbuzi wako naye akakurudishia mbuzi wawili wa kutoka kwingine, huenda amekufaidi, lakini amana yako ameila. Waingereza nao hawakujiona wezi. Walisema walikuwa wakiitumia ardhi kwa manufaa ya nchi nzima, kwa ufugaji bora na nyama na maziwa zaidi. Huo ndio ule mfano wa tatu, wa aliyeaminiwa kuuza na kubadilisha kwa busara yake. Sidhani kwamba ugomvi huu ulitokana na kutoelewana kwa lugha. Kila upande ulilielewa neno barabara, na kila upande ulichagua maana yake.

Wameru wakachanga fedha, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akaenda New York, akisaidiwa na Earle Seaton, wakili mzaliwa wa Bermuda aliyekuwa akifanya kazi Moshi. Akasimama mbele ya Baraza la Udhamini, Mtanganyika wa kwanza kuusemea Umoja wa Mataifa. Hapo Wameru walikuwa wameshaipita amana na kuishika maana ya pili, ya dhamana: mdhamini amevunja ahadi, basi aulizwe mbele ya waliomkubali. Tatizo ni kwamba barazani humo Uingereza nayo ilikuwa na kiti na kura, pamoja na wenzake watawala. Baraza lilisikitika. Kamati ya Nne ikapitisha azimio la kutaka watu warudishiwe ardhi yao, lakini Desemba 1952, katika Baraza Kuu, azimio halikupata theluthi mbili za kura.

Japhet na Seaton waliiandika kesi hiyo katika kitabu kilichotoka Nairobi mwaka 1967. Miaka mitatu baada ya safari yao, Machi 1955, Julius Nyerere alisimama mbele ya Baraza lile lile la Udhamini, na safari hii hoja haikuwa mashamba mawili.

Leo Ngarenanyuki ni kata katika Wilaya ya Meru, nayo inapakana na Hifadhi ya Taifa ya Arusha, iliyoanzishwa mwaka 1960 kwa jina la Ngurdoto. Sheria ya hifadhi ilitungwa 1959, siku za mwisho za ukoloni, na chombo kilichokabidhiwa mbuga za Tanganyika kwa sheria hiyo kiliitwa, kwa Kiingereza, kwa neno letu hili hili. Kiswahili kimekifasiri Bodi ya Wadhamini. Hakuna aliyeiita Bodi ya Amana.