Si E.T. Peke Yake Iliyoangusha Soko

Wapenzi wengi wa gemu bado wanaamini kwamba gemu ya E.T. ya mwaka 1982 ndiyo iliyoangusha soko la gemu za nyumbani Marekani. Kweli ilikuwa mbovu. Howard Scott Warshaw alipewa wiki tano tu kuitengeneza ili iwahi Krismasi, na mchezaji hutumbukia shimoni, akapanda taratibu, kisha akatumbukia tena. Lakini kumbebesha mtu mmoja lawama yote ni kumwonea. Jalala la Alamogordo, New Mexico, ambako Atari, kampuni iliyoitoa E.T., ilizika bidhaa zake mwaka 1983, lilipofukuliwa mwaka 2014, zilitolewa kaseti kama 1,300, na nyingi hazikuwa E.T. Humo zilikuwamo Centipede na Asteroids, gemu zilizopendwa sana.

Kilichozikwa pale ni shehena iliyowazidi wanunuzi. Activision, iliyoanzishwa mwaka 1979 na watengenezaji waliotoka Atari, ilionyesha kwamba hata kampuni ya nje ingeweza kuitengenezea mashine ya Atari kaseti, na wengi wakajitosa bila ujuzi. Atasema mtu kwamba gemu nzuri hujiuza. Zingejiuzaje, ikiwa kaseti ya dola 30 ilipangwa jirani na rundo la dola 5? Nintendo ililielewa hilo: mashine iliyoiingiza Marekani mwaka 1985 ilikuwa na chipu iliyokataa kaseti zisizo na kibali, na kila kampuni yenye leseni ikawekewa ukomo wa gemu tano kwa mwaka. Ulikuwa ukomo mkali, hata wa kuonea, lakini uliwarudishia wenye maduka imani.