Kolwezi, Mji Uliochorwa na Shaba

Historia ya miji ya pwani mara nyingi husimuliwa kwa majina ya wasanifu. Unguja ina John Sinclair, ofisa wa Kiingereza aliyechora Beit el Amani, jumba la makumbusho lililofunguliwa mwaka 1925. Kolwezi haina Sinclair wake. Mji huu, makao makuu ya jimbo la Lualaba, kusini mwa Kongo (DRC), tangu 2015, ulianzishwa mwaka 1937 na kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga ili uwe kituo cha migodi yake ya magharibi. Kilichoamua nyumba zikae wapi si bandari wala soko. Ni mahali shaba ilipolala chini ya ardhi. Nadai kwamba uamuzi huo haujafutwa hadi leo: nyumba za Kolwezi zilijengwa kuutumikia mgodi, na zinapobomolewa sasa, zinabomolewa kwa kanuni ileile.

Kwa nini kampuni ya madini ihangaike na matofali? Mwanzoni Union Minière iliajiri wanaume kwa mikataba mifupi, bila wake zao, ikawarundika kwenye vibanda. Maradhi ya mapafu na ya tumbo yaliwaua wengi, na waliopona walitoroka. Mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni ikageuza siasa yake: mkataba uwe wa miaka 3, mke na watoto waje, watoto wasomeshwe hapo hapo. Daktari Léopold Mottoulle ndiye aliyekuwa kichwa cha mpango huo. Tangu hapo nyumba ya familia ikawa chombo cha kazi, sawa na sururu. Kolwezi ilizaliwa baada ya kanuni hiyo kukomaa, na inaonekana kwenye kampi zake: nyumba zinazofanana, mistari iliyonyooka ambayo msimamizi aliweza kuikagua bila kuhangaika, Musonoi kando ya mgodi wa Musonoi, Luilu kando ya kiwanda cha Luilu kilichoanza kazi mwaka 1960. Wazungu walikaa upande wao, kwenye nyumba za nafasi zenye bustani. Aliyefukuzwa kazi alipoteza mshahara, posho na paa kwa pamoja.

Mtu anaweza kunikumbusha kwamba Katanga, jimbo lililokuwa na Kolwezi wakati huo, ilikuwa na wasanifu wa kweli. Ni kweli. Claude Strebelle aliiachia Lubumbashi ukumbi wake wa tamthilia katika miaka ya 1950, na ni kazi ya kujivunia. Lakini Lubumbashi ilikuwa pia mji wa serikali, wa mahakama na wa wafanyabiashara, na hata huko, kilichoutenga mji wa Wazungu na mji wa Waafrika kilikuwa ukanda mtupu wa mita 700, ambao hakuna ukumbi ulioweza kuuficha. Kolwezi haikuwa na mteja mwingine zaidi ya kampuni.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwa wazee wenyewe. Wanakumbuka hospitali, shule na maji ya bomba, kwanza chini ya Union Minière, kisha chini ya Gécamines baada ya serikali kuitaifisha kampuni mwaka 1967. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu ameandika kitabu kizima juu ya wafanyakazi hao kama watoto waliotupwa na baba yao. Siwezi kuipuuza kumbukumbu hiyo, kwa sababu mema hayo yalikuwepo. Ila yalikuwa mali ya mkataba, hayakuwa haki ya mkaaji. Mgodi wa Kamoto ulipoporomoka mwaka 1990 na uzalishaji ukaanguka, huduma zilikauka pamoja na shaba. Na zaidi ya wafanyakazi 10,000 walipoondoshwa na Gécamines kuanzia mwaka 2003, hapakuwa na manispaa yenye nguvu ya kuwapokea.

Wengine watasema wakaaji nao wamejenga mji, na kwamba nawanyima sifa. Wamejenga kweli, na Kasulo ni ushahidi. Mwaka 2014 ilijulikana kwamba kobalti iko chini ya mtaa huo, na watu wakaanza kuchimba kwenye nyua zao, wengine ndani ya vyumba, visima vikiwa vimefunikwa kwa maturubai ili mvua isiingie. Hapo mkaaji mwenyewe aligeuza sebule kuwa mgodi. Lakini hata hapo madini ndiyo yaliyoamua: mwaka 2017 sehemu ya mtaa ilizungushiwa ukuta, na waliokuwa wakiishi humo wakahamishwa.

Cité Gécamines, mtaa mwingine wa Kolwezi, inaonyesha kanuni hiyo waziwazi zaidi, maana ilijengwa na kampuni yenyewe. Tangu 2015 mgodi wa wazi wa COMMUS, ubia wa Zijin ya China na Gécamines, umekuwa ukipanuka kuielekea. Amnesty International ilieleza mwaka 2023 jinsi familia zilivyoondolewa bila kushauriwa ipasavyo. Nyumba walizoziacha zilikuwa na maji ya bomba na umeme. Fidia iliwatosha wengine kupata tu nyumba zisizo na maji hayo.