Kipande Shingoni, Kipande Mfukoni

Mwaka 1915 serikali ya kikoloni ilipitisha sheria ya kumwandikisha kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza miaka 16. Vita vikaichelewesha, ikaanza kung'ata kati ya 1919 na 1920. Ndipo kipande kikaja: karatasi yenye jina, kabila, alama za vidole, mwajiri na mshahara, ndani ya kikebe cha chuma kinachoning'inia shingoni.

Siku hizo kwetu Migori, na jirani zetu Homa Bay, tulikuwa wilaya moja, Kavirondo Kusini, iliyotawaliwa kutoka Kisii. Aliyetoka huku kutafuta kibarua kwenye chai ya Kericho alikwenda na kikebe chake. Mwajiri asiposaini kwamba amekuachilia, hakuna mwingine angekuajiri kihalali. Ukitoroka, vidole vyako tayari viko kwenye faili. Habari zilikuwa zako, faida ilikuwa ya mwingine.

Watu hawakunyamaza. Harry Thuku alikipinga Nairobi mwaka 1921, na Desemba hiyo hiyo mkutano wa Lundha, kule Gem, ukazaa Young Kavirondo Association, kipande kikiwa kati ya malalamiko yake. Hata hivyo kilidumu hadi baada ya Vita vya Pili vya Dunia.

Leo kipande tunakibeba mfukoni, na bando tunanunua wenyewe. Apu ya mkopo inaomba kusoma majina yote kwenye simu yako. Unabonyeza "kubali" kwa sababu karo haingoji. Ukichelewa kulipa, anapigiwa shangazi yako. Huyo shangazi hakukopa chochote, na hakuna aliyemuuliza.

Halafu ikaja Worldcoin. Julai 2023 watu walipanga foleni Nairobi kupigwa picha ya mboni ya jicho, wakipewa sarafu za kidijitali za kama shilingi 7,000. Siwacheki. Elfu saba ni pesa. Agosti serikali ikasimamisha shughuli hiyo, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data hizo zifutwe ndani ya siku 7: kampuni haikuwa imepima hatari kwanza kama sheria inavyotaka, na ridhaa iliyovutwa kwa pesa si ridhaa.

Angalia nani aliisukuma kesi hiyo. Si kampuni iliyojirudi, ni mashirika ya raia yaliyokwenda kortini wakiwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 mkononi. Kwa sheria hiyo hiyo, Septemba 2023 Kamishna wa Data alimtoza mkopeshaji mmoja wa mtandaoni karibu shilingi milioni 3, baada ya watu kulalamika.

Kwa hivyo, tuziamini kampuni? Mimi naona swali hilo linatupoteza. Hakuna aliyewaamini mabwana wa chai, na kipande hakikuisha kwa huruma yao. Tofauti yetu na babu zetu ni kwamba wao hawakuwa na mahali pa kudai faili lao. Sisi tunapo: sheria inakupa haki ya kuuliza wanajua nini kukuhusu, kukataa, kusahihisha, na kutaka kufutwa kwa data ya uongo. Kijana wa Mbita au Awendo anaweza kuidai leo. Asipoidai, hiyo haki ni karatasi tu.