Mwanga na Kivuli katika Michoro ya Miambani ya Kondoa

Michoro ya miambani ya Kondoa, kaskazini mwa Mkoa wa Dodoma, imedumu kwa karne nyingi bila kabati la kioo wala taa. Kilichoihifadhi ni kivuli. Miamba ya ukingo wa Bonde la Ufa ilipasuka ikaacha kuta zilizosimama wima, na juu yake mawe makubwa yaliyochomoza mbele mithili ya baraza. Wachoraji walizichagua kuta hizo, ambako mvua haifiki kwa urahisi na jua kali huishia kwenye ukingo wa jiwe.

Rangi nazo zilichangia. Michoro mingi ya kale, inayohusishwa na wawindaji, ni myekundu. Rangi yake ilitoka kwenye mawe na udongo wenye madini ya chuma, na haichujuki upesi kwa jua kama rangi za mimea. Michoro myeupe ya wakulima waliokuja baadaye haikushika jiwe kwa uimara huo. Katika pango moja la kijiji cha Kolo, huko Kondoa, wamechorwa watu watano wembamba kwa mistari myekundu, na wa katikati anavutwa mikono kutoka pande zote mbili. Jua likiupiga ukuta kama huo moja kwa moja, mistari hupotea machoni. Kivulini, mwanga hafifu unaoakisiwa na ardhi huidhihirisha.

Mwaka 1937 michoro hiyo ilitangazwa kuwa kumbukumbu ya taifa. Mwaka 1951 mwanaakiolojia Mary Leakey aliweka kambi Kondoa na kunakili kwa mkono takriban michoro 1,600. Nakala zake zilitoka katika kitabu mwaka 1983, na kwa wasomaji wengi ndizo zilizokuwa mlango wa kuijua Kondoa. Baadaye mapango kadhaa yalizungushiwa uzio wa mbao na waya, lakini sehemu kubwa ya uzio huo iling'olewa ikatumiwa kwingine. Hasara zaidi huletwa na tabia ya kumwagia ukuta maji ili rangi ing'ae kwenye picha. Maji hubeba chumvi, na yakikauka chumvi hiyo hubaki juu ya mchoro kama utando mweupe.

Majumba ya makumbusho yalijifunza hatari ya mwanga kwa njia nyingine. Mwaka 1888, huko Uingereza, wanasayansi Russell na Abney walitoa taarifa ya majaribio yao iliyoonyesha jinsi mwanga unavyochujua rangi za maji. Katika karne iliyofuata ikawa desturi kwamba nguo, karatasi na ngozi zimulikwe kwa laksi (kipimo cha mwanga) 50 tu, ilhali jua la mchana hufikia laksi 100,000. Pango la Lascaux, Ufaransa, lilitoa funzo kali zaidi. Lilifunguliwa kwa wageni mwaka 1948, likawekwa taa. Kwa mwanga wa taa hizo na pumzi za watu, mwani wa kijani ukaota ukutani, na mwaka 1963 likafungwa. Mapango ya Kondoa yako wazi na hayahitaji taa, na ni heri yabaki hivyo.

Kinachopaswa kulindwa huko ni miti. Msitu ulio mbele ya pango huzuia jua la pembeni, upepo na vumbi, na ukikatwa kwa kuni au mashamba, ukuta hubaki wazi. Mmomonyoko wa udongo huko Kondoa ulikuwa mkubwa kiasi kwamba mwaka 1973 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa katika eneo lililoharibika. Wafugaji walilipa gharama kubwa, lakini nyasi na miti vilirudi.

Mwaka 2006 UNESCO iliandikisha eneo la kilometa za mraba 2,336 kuwa Urithi wa Dunia. Pamoja na michoro, ilizingatia matambiko ya mvua na tiba ambayo wenyeji wanaendelea kuyafanya. Anayefika Kolo aongozane na mwongoza wageni, asimwagie ukuta maji, asiwashe moto chini ya jiwe, na mti ulio mbele ya pango asiuguse.