Kabla ya Moodle, Ufipa ilisoma kwa bahasha na redio

Azimio la Musoma la Novemba 1974 liliwaweka wakuu wa elimu pabaya. Elimu ya msingi kwa wote (UPE), iliyokuwa imepangwa kufikiwa 1989, ilivutwa hadi 1977, na vyuo vya ualimu havikuwa na uwezo wa kutoa walimu kwa kasi hiyo. Kuanzia 1976 Serikali ikawachukua vijana waliomaliza darasa la saba, ikawakabidhi madarasa, na kuwasomesha ualimu huko huko vijijini: vijitabu vya elimu kwa njia ya posta, vipindi vya Redio Tanzania Dar es Salaam, na mkufunzi aliyewazungukia. Nchi nzima waliandikishwa zaidi ya 40,000.

Sumbawanga, mji wa Ufipa mkoani Rukwa, iko kwenye uwanda wa juu, mita 1,800 hivi, Ziwa Rukwa upande mmoja na Ziwa Tanganyika upande wa pili. Barabara ya kwenda Tunduma ilikuwa vumbi kiangazi na tope masika, na lami ilikuja zaidi ya miongo mitatu baadaye. Bahasha ilichelewa, kipindi cha redio kilifika kwa saa yake, ilimradi betri zipo.

Walimu hao wa UPE walidhihakiwa sana, na kwa upande wa kina cha mafunzo dhihaka haikukosa sababu. Kinachosahaulika ni kwamba muhtasari ulikuwa mmoja, ratiba ya redio moja, mtihani mmoja. Aliyeanza Namanyere hapa Rukwa akahamishiwa Handeni kule Tanga angeendelea na kijitabu kile kile. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa kwa sheria ya 1992 na kupokea wanafunzi wa kwanza 1994, kilifuata nyayo hizo, na kituo chake cha Rukwa kikamwezesha mwalimu kusaka shahada bila kuacha kazi wala shamba la mahindi.

Kompyuta zilipoingia, kila chuo kilishika njia yake. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza na mifumo ya masomo ya mtandaoni ya kulipia leseni, WebCT na Blackboard, kisha kikahamia Moodle, ambayo ni ya bure. Kuhama si kazi ndogo, kwani somo lililojengwa ndani ya mfumo mmoja halifunguki hivi hivi katika mwingine. Marekani, Wizara ya Ulinzi ilishakutana na tatizo hilo na haikutaka kulipia somo lile lile kila inapobadili mfumo. Mwaka 2000 mradi wake wa ADL ukatoa SCORM, kanuni za kufungasha somo ili mfumo wowote unaozifuata uweze kulifungua na kurekodi alama za msomaji. Mijadala ya wanafunzi na maoni ya mkufunzi havimo ndani ya kifurushi hicho, na kwangu mimi hayo ndiyo nusu ya somo.

Moodle yenyewe, iliyotoka 2002, ina asili ambayo Mfipa angeielewa upesi. Mwasisi wake, Martin Dougiamas, alikulia jangwani Australia Magharibi, akisoma kwa redio ya masafa mafupi huku karatasi zake zikiletwa kwa ndege. Mtoto wa shule ya redio ndiye aliyetengeneza darasa la mtandaoni linalotumika leo duniani kote.

Chuo cha Ualimu Sumbawanga kilikuwa miongoni mwa vyuo 34 vya Serikali vilivyolengwa na mradi wa kompyuta ulioanza 2005 kwa msaada wa Sweden. Mashine zilitangulia, mambo mengine yakafuata polepole. Kwa miaka mingi Rukwa ilikuwa nje ya gridi ya Taifa. Umeme wake ulivuka mpaka kutoka Zambia kupitia Mbala, na jenereta za dizeli zikiziba pengo. Intaneti nayo ilikuwa ya setilaiti, ya bei kali, hadi nyaya za baharini zilipoanza kutua Dar es Salaam mwaka 2009 na Mkongo wa Taifa ukaanza kutandazwa kuelekea mikoani. Ukikaa Sumbawanga ndipo unapoona kwamba anayejadili viwango vya mafunzo ya mtandaoni bila kutaja TANESCO, shirika la umeme, ameruka ukurasa wa kwanza.

Sasa kuna MEWAKA, mafunzo endelevu ya walimu kazini, yenye moduli katika mfumo wa Taasisi ya Elimu Tanzania. Rukwa ni mmoja wa mikoa tisa ya mpango wa Shule Bora, unaosaidia mafunzo hayo, ulioanza 2022 kwa fedha za Uingereza. Walimu hukutana shuleni katika jumuiya za ujifunzaji, wakajadili moduli moja ambayo wenzao wa Kigoma au Simiyu nao wanayo. Kwa hilo tumerudi karibu na 1976, safari hii kwa bando. Lakini mwalimu wa Matai, hapa hapa Rukwa, anayesomea shahada Chuo Kikuu Huria huku akifuata MEWAKA anaingia katika mifumo miwili tofauti, kila mmoja na nywila yake, na alichohitimu kwenye mmoja hakionekani kwenye mwingine.